Funguo Zikilia

Kabla hujamwona Mama Funguo, utamsikia. Funguo zake amezifunga kiunoni kwa utepe mnene: za mabweni, za stoo ya magodoro, za kabati la dawa, na nyingine ambazo hata yeye hakumbuki zinafungua nini ila anaogopa kuzitupa. Akitembea zinalia, na wasichana wa shule yetu wakiwa kwenye foleni ya chai huziiga kwa kugonga vijiko kwenye vikombe mpaka niwafokee. Mimi ndiye mpishi wa shule hiyo. Wananiita Bi Mwiko, na sababu yake haina haja ya kuelezwa.

Yeye ni matroni, mlezi wa bweni la wasichana, na ni mtu aliyechoka. Sisemi hivyo kwa kumdharau, maana mimi mwenyewe nimechoka na mdomo tu ndio haujachoka. Ila uchovu wake ni wa aina nyingine. Kila asubuhi, watoto wakishaingia madarasani, anakuja jikoni kwangu, anakaa juu ya gunia la unga, anavua viatu na kuikanyagisha miguu kwenye sakafu ya baridi. Ameshaamsha watu wasiotaka kuamka, ameshatafuta soksi zisizokuwepo, ameshapima homa za kweli na homa za siku ya mtihani, na amemfuta machozi mmoja anayelia kwa sababu mwenzake amemnunia. Watoto wake mwenyewe wamekua na kusambaa. Wanampigia simu mara mojamoja, wanamuuliza anaendeleaje, halafu kabla hajajibu wanasema walichopigia.

Jambo moja tu hakuwahi kulichoka, nalo ni adabu ya mlango. Marehemu mama yake alilea mabinti watupu na hakuwahi kuingia chumbani kwao bila kukohoa kwanza. Mama Funguo alilibeba hilo akaja nalo kazini. Akifika mwanzo wa korido ya bweni husimama, huzifungua zile funguo kiunoni, huzitikisa kwa nguvu, kisha husubiri kidogo ndipo aanze kuingia chumba kwa chumba. Msichana aliyekua, husema, apewe nafasi ya kujisitiri. Bweni la pili lina matroni kijana anayevaa raba na kunyata kama paka wa jikoni. Mama Funguo alikuwa akimtazama na kusonya. "Huyo ni askari," aliniambia siku moja. "Mlezi hanyati."

Mimi nilimuunga mkono, na bado namuunga, ingawa nimeona adabu hiyo ilitufikisha wapi.

Pombe ilianza kuingia shuleni kidogo kidogo. Ilikuja kwenye chupa za shampuu, kwenye chupa za juisi zilizofungwa vizuri kama zimetoka dukani, ikitoka likizoni ndani ya masanduku ya mabinti ambao wazazi wao wangeapa kwa kila kitu kitakatifu kwamba mtoto wao hajui hata harufu yake. Mmoja wa kidato cha nne alikutwa na chupa chini ya mto. Jioni hiyo hiyo alirudishwa kwao, godoro lake likiwa limefungwa juu ya gari, na sisi wote tuliangalia pembeni. Kesho yake Mkuu wa shule alisimama mbele ya watoto akasema atakayekutwa na pombe, iwe mkononi, sandukuni au kitandani, anaondoka siku hiyo na harudi tena.

Basi kila mtu akawa bingwa wa kueleza kwa nini vijana wanakunywa. Walimu walisema ni simu. Wazazi walisema ni shule. Mlinzi wa getini, ambaye yeye mwenyewe huwa ananuka kuanzia Ijumaa, alisema ni kukosa maadili. Akaletwa mtaalamu mmoja mwenye koti zuri, akawaonyesha watoto picha za maini yaliyoharibika, moja baada ya jingine, ukutani, makubwa kama magodoro. Kwa bahati mbaya siku hiyo nilikuwa nimepika maini. Hakuna aliyeyagusa, na nadhani hayo ndiyo yalikuwa mafanikio pekee ya hotuba ile.

Mama Funguo hakuhutubia mtu. Aliongeza mizunguko. Zamani alipita bweni asubuhi na jioni, sasa akawa anapita na mchana, na kati ya mchana na jioni, magoti yakimlia kuliko funguo. Na alikuwa anapata. Alipata chupa nyuma ya masanduku, ndani ya tangi la choo, ndani ya mguu wa buti la mvua. Zote tupu. Alizileta jikoni kwangu akazipanga sakafuni na kuzitazama, na mimi nilimwambia anafanya kazi nzuri, ndiyo maana wanazitupa upesi. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua. Zamani, alisema, ungeona wawili watatu wanachekacheka ovyo, unajua wameonja. Siku hizi mtoto anakutwa hajitambui, anatapika mpaka nyongo. "Hawaonji tena," aliniambia. "Wanakunywa kama wanafukuzwa. Hiki ni kizazi gani, mwenzangu?" Nilimjibu kwamba ni kizazi cha vichwa maji, nikaendelea kumenya vitunguu. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Katikati ya hayo kulikuwa na Twiga. Jina hilo alipewa na wenzake wiki aliyofika, kwa urefu, na hakulikataa kwa sababu hakuwa mtu wa kukataa kitu. Aliletwa kidato cha tatu na mama yake mdogo, fundi cherehani aliyemlea tangu akiwa mdogo. Kutoka dirisha langu la kugawia chakula naona kila meza, na kwa muda mrefu nilimwona yeye kwenye ncha ya benchi, nusu amekaa nusu ananing'inia, anakula haraka kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Mama Funguo alimpenda. Aliona miguu inatokeza nje ya blanketi, akaunganisha mablanketi mawili kwa mkono wake, akampelekea bila maneno.

Halafu nikaona Twiga amehama ile ncha. Amekaa katikati ya wasichana watatu, anacheka, mkono umefunika mdomo. Nilimwambia Mama Funguo, naye akaja mwenyewe dirishani kuangalia. Alifurahi kama amepewa zawadi. "Amepata wenzake," alisema, akarudi kazini kwake akiwa anatembea vizuri kidogo.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya kufua, baada ya chakula cha mchana. Bweni lilikuwa karibu tupu, kamba za nguo zimejaa uwanjani. Mwisho wa ile korido kuna chumba cha masanduku. Hakina dirisha, kina mlango mmoja, na mlango huo unafunguka koridoni. Mama Funguo alifika mwanzo wa korido, akatikisa funguo, akasubiri kama kawaida yake, akaanza kupita. Chumba cha masanduku alikikuta na wasichana wanne wanakunja nguo kwa bidii ambayo haikuwa ya kawaida. Twiga alikuwa amekaa juu ya sanduku, mashavu yamevimba, anajitahidi kumeza. Mama Funguo alidhani ni biskuti. Alimwambia asile chumbani, ataleta panya. Twiga alitikisa kichwa kukubali, macho yamejaa maji, na Mama Funguo akatoka.

Alikuja moja kwa moja jikoni. Alikuwa amenieleza habari ya panya na kupumzika kama nusu saa tuliposikia makelele ya watu uwanjani.

Twiga alikuwa ameanguka chini ya kamba, shuka la mtu limemwangukia usoni. Tulipoliondoa, midomo ilikuwa imebadilika rangi na ngozi ilikuwa ya baridi, na jua lile lilikuwa kali. Wasichana walitaka kummwagia maji, mwingine alitaka kumpa maziwa. Mama Funguo alimsukuma kila mtu. Alimlaza Twiga ubavu, akamfungua mdomo kwa kidole akatoa kilichokuwemo, akawa amemshikilia hivyo hivyo, anamwita kwa jina lake halisi, lile ambalo hakuna mtu hulitumia. Dereva alileta gari. Nilipanda na aproni yangu. Msichana mmoja mfupi, mmoja wa wale watatu, aling'ang'ania mlango mpaka tukampakia naye.

Hospitalini walimwingiza ndani, sisi tukabaki kwenye benchi la korido. Daktari alitoka akauliza alichokunywa na kiasi gani. Yule mfupi alitazama sakafu. Daktari alichuchumaa mbele yake akamwambia kwamba yeye si mwalimu wake, hana habari na sheria za shule, anataka kujua tu afanye nini. Ndipo mtoto akasema. Ilikuwa pombe kali, chupa ya juisi, ilikuwa imejaa zaidi ya nusu. Twiga aliimaliza yote kwa mara moja.

Daktari aliuliza kwa nini mtu afanye hivyo.

"Ni sheria yetu," alisema yule mfupi. "Funguo zikilia, aliyeshika chupa anamaliza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Daktari naye alimwuliza kwa nini asimwage.

"Amwage wapi? Mle hamna dirisha. Sinki liko kule mwanzo wa korido, na Mama yuko hapo hapo. Ukikutwa na chupa yenye kitu unafukuzwa. Chupa tupu ni takataka tu." Akafuta pua kwa mkono. "Huwa tunakunywa kifuniko kimoja kimoja. Ile ingetufikisha mpaka tufunge shule."

Mama Funguo alikuwa amezipakata funguo zake mapajani. Alizitazama kama amepewa na mtu sasa hivi amshikie. Aliuliza taratibu sana, "Kwa hiyo mkinisikia nakuja..."

"Ndiyo, Mama," mtoto alisema, bila ubaya wowote. "Wewe huwa unatupa muda."

Nimeishi na mwanamke huyu kazini miaka mingi, nimemwona amefiwa, nimemwona ametukanwa na wazazi. Sijawahi kumwona akizeeka mbele ya macho yangu isipokuwa pale. Hakulia. Aliuzungusha ule utepe kwenye funguo, akauzungusha tena, akazibana zote zikawa kimya, akazitia kwenye mfuko wa aproni yangu. Nami nilikaa nazo, nzito, huku nawaza yale machupa matupu aliyokuwa anayapanga sakafuni kwangu nikimwambia anafanya kazi nzuri. Roho iliniuma na inaniuma mpaka leo.

Twiga alipona. Alizinduka siku iliyofuata, sauti imekauka, na Mama Funguo alikuwa kando ya kitanda kwa sababu hakuwa ameondoka. Alinisimulia baadaye walivyozungumza. Hakumkaripia. Alimwuliza tu ilianzaje, na Twiga, ambaye ukimuuliza jambo hukujibu kwa mabega, siku hiyo alijibu kwa mdomo. Alisema ladha yake haipendi, inamchoma koo. Alisema wale watatu walikuwa wamekaa chumba cha masanduku akaingia kuchukua soksi, na mmoja akasogea kidogo kwenye sanduku ili akae. Hakuna aliyewahi kusogea tangu aje. Walimpa kifuniko, akanywa, ulimi ukalegea, akasema kitu na wote wakacheka, wakicheka naye, hawamcheki yeye. Kesho yake wakasogea tena.

"Ningewaambia sinywi, wangerudi kukaa vizuri," Twiga alimwambia. "Na zamu ya kushika chupa siku ile ilikuwa yangu."

Mambo yalikuwa hayajaisha. Mkuu alikuwa ametangaza sheria mbele ya shule nzima, na shule nzima ilikuwa inasubiri kuona. Alimwita mama mdogo wa Twiga, akamwita Mama Funguo, na mimi nikapeleka chai ofisini ambayo hakuna aliyeiagiza. Nilimimina polepole. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumimina chai polepole kama mimi siku hiyo.

Yule mama mdogo alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, amesahau kuivua. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mafaili mpaka kidevuni na macho mekundu. Alieleza kwamba kuna mzazi ambaye binti yake aliondoka na godoro kwa chupa chini ya mto, na mzazi huyo atakuja kuuliza kwa nini huyu wa pili amebaki, na yeye atamjibu nini. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Alisema tu kwamba hata nyumbani mtoto hakuwa akisema, na kwamba siku zote alidhani ile ni heshima.

Mkuu alimgeukia Mama Funguo. Alisema yote yanategemea jibu lake moja. Je, alimkuta na pombe au hakumkuta?

"Nilimkuta mdomo umejaa, nikamwambia asile biskuti chumbani," alisema Mama Funguo. "Sheria ilisema mkononi, sandukuni au kitandani. Yeye ilikuwa tayari kooni. Na aliyeiharakisha ifike huko ni mimi na funguo zangu."

Akamweleza yote, bila kujipunguzia. Mkuu aliweka kalamu chini. Alimwuliza anataka nini sasa, avae raba anyate kama yule mwingine? Mama Funguo alisema hapana, hatanyata, wasichana wale si wezi. Ataendelea kutikisa funguo. Anaomba ndoo tu, iwekwe koridoni mlangoni pa chumba cha masanduku, na atakayemwaga humo asiulizwe.

"Unataka niruhusu pombe, Mama?"

"Nataka uruhusu kumwaga."

Chai ilikuwa imefika ukingoni mwa kikombe, ikanibidi niache. Mkuu alijikanda paji la uso, akasema Twiga akae nyumbani wiki mbili kisha arudi, na kuhusu yule mzazi mwingine, yeye Mkuu atajua la kumwambia, labda hata amwambie amrudishe binti yake. Kuhusu ndoo, alisema hajasikia habari ya ndoo yoyote. Ila akianguka mtoto mwingine, matroni na ndoo yake wataondoka kwa gari moja. Mama Funguo alishukuru. Alipokuwa anainuka alishika ukingo wa meza, na nilijua ni magoti.

Ndoo ilikuwa yangu, ile ya kurowekea maharage. Nililalamika sana kabla ya kuitoa, maana nisingelalamika wangedhani ninaumwa.

Wiki ya kwanza ndoo haikupata hata tone. Mama Funguo alifika mwanzo wa korido, akatikisa funguo nilizokuwa nimemrudishia, akatembea mpaka kwenye ile ndoo, akageuza uso ukutani akasema kwa sauti ya kusikika vyumba vyote, "Aliyeshika asimalize. Amwage. Sitazami." Akasimama. Nyuma ya mlango kulikuwa na kunong'ona na vicheko, na hakuna aliyetoka. Alisimama mpaka miguu ikatetemeka, akaingia, akakuta wanakunja nguo. Alifanya hivyo kila siku. Walimu walianza kumtania kwamba ameamua kuongea na ukuta. Yule wa raba alicheka waziwazi. Jikoni kwangu alikuwa anakaa juu ya gunia na kusema labda amechelewa, labda watoto wakishakuona mjinga hawarudi nyuma. Nilimpa maji ya moto ya kukanda miguu.

Twiga alirudi. Hakukaa ncha ya benchi wala hakukaa katikati, alikaa popote palipokuwa wazi, na yule mfupi akawa anakuja kukaa naye. Hawakuwa wanacheka sana.

Siku moja nilikuwa nimekwenda bwenini kudai ndoo yangu, nimechoka kuroweka maharage kwenye sufuria. Mama Funguo alikuwa ameshatikisa funguo. Alikuwa amesimama kando ya ndoo, uso ukutani, mgongo kwa mlango, ameegemea kwa kiganja kimoja. Mlango ukafunguka kidogo. Nikaona mkono mrefu, mrefu kuliko mikono ya wote, ukitoka na chupa ya juisi, halafu mwili wote ukafuata. Nyuma yake giza la chumba lilikuwa limejaa macho ya wenzake. Aliinama kwenye ndoo yangu akamwaga. Ilichukua muda, chupa ilikuwa imejaa. Mama Funguo hakugeuka.

"Mama," Twiga alisema, "nimemwaga."

"Nimesikia," alisema Mama Funguo ukutani. "Nenda ukaanue nguo, mvua inakuja."

Twiga alipita, na mmoja baada ya mwingine wale wa ndani wakamfuata, wakimpita yule mama mgongoni bila kumgusa. Korido ilipobaki tupu ndipo akageuka akaniona. Aliniomba nimsaidie kukaa chini. Tulikaa pale sakafuni, ndoo katikati yetu inanuka mpaka machoni, naye akazifunga funguo zake kiunoni upya, maana kulikuwa na mzunguko wa jioni.